Mpunga Usiokobolewa

Misunkumilo, Mpanda
8 Juni 2024

Kaka Anselmo,

Pokea salamu zangu zote mbili, ile ya kanisani niliyozaliwa nayo na hii ya msikitini niliyoolewa nayo, uchague inayokufaa. Sisi hatujambo. Mikidadi yuko dukani na masufuria yake. Kauthar ametimiza miaka minne na anabishana na kila mtu, nawaambia wakwe zangu amemrithi mjomba wake.

Kiroba cha Mama nimekipokea jana kutoka kwa Kelvin, yule konda wa basi la huko kwenu. Nimekifungua na tangu hapo sijakaa sawa.

Unajua yote haya, ila acha niyaseme. Siku nilipoolewa na kuitwa Mwamvita, Mama hakunifukuza wala hakunibariki. Alinyamaza tu. Nikasema basi, nimeshampoteza. Mwezi wa sita ulipofika akaniletea mchele, tena si wa mashine. Mchele wa kinu aliotwanga kwa mikono yake, punje nyingine zimekatika, una harufu ya moshi wa jikoni kwetu. Hakuna barua, hakuna neno. Miaka saba imekuwa hivyo. Kila mwaka nikiutia mkono mchele ule najua bado mimi ni mtoto wake. Sisi wawili hatuna mazungumzo mengine.

Mwaka huu ameniletea mpunga. Mpunga na maganda yake, kama ulivyotoka shambani. Fundo la kiroba limefungwa kinyume na anavyofunga yeye, na kamba imetafunwatafunwa, nikadhani ni panya wa kwenye buti la basi.

Kaka, nyumbani kwetu nani anapewa mpunga? Vibarua. Mtu akimaliza kuvuna Mama anampimia mpunga wake, anabeba, anaenda zake, na hapo Mama hana tena habari naye. Watoto tunapewa mchele. Hilo hakuna aliyenifundisha, nimekua naliona.

Simu yake haipatikani. Wewe hutaki tuongee kwa simu tangu harusi yangu, ulisema tukisemezana kwa mdomo tutatukanana, na mimi nimeheshimu. Basi niandikie. Nilipanga nije baada ya Idi na Kauthar, Mama amwone. Hajawahi kumshika. Nije, au ndiyo nimeshalipwa niende zangu? Wewe ndiye unakaa naye, na wewe ndiye unasomea kijiji kizima hati zao. Nisomee na hii.

Mdogo wako,
Mwamvita (Marsela)


Mamba, Mpimbwe
13 Juni 2024

Marsela,

Jina hilo lingine nawaachia waliokupa.

Unaniuliza maana ya kiroba. Nilipokuwa nasoma falsafa seminarini, kabla Baba hajafa na mimi kurudishwa kushika jembe, mwalimu wetu aliweka jiwe mezani akatuuliza lina maana gani. Mmoja akasema uimara. Mwingine akasema kaburi. Mimi nikasema msingi wa nyumba. Alisikiliza darasa zima, kisha akaliondoa na kusema, jiwe halijasema kitu, nyie ndio mlikuwa mnasema. Kwa hiyo maana sitakupa. Nitakupa nilichokiona kwa macho, na maana utaiweka wewe.

Kiroba alikijaza Mama mwenyewe. Mke wangu Lucia alitaka kuupeleka mpunga ule mashineni ukobolewe, Mama akamzuia. Nikamuuliza mara mbili kama anataka uende hivyo hivyo na maganda yake, akaitikia kwa kichwa. Fundo alilifunga yeye, hakukubali kusaidiwa. Kinu hajakigusa msimu huu, kiko nyuma ya nyumba, kuku wanatagia ndani. Simu nilipompa aliisukuma pembeni, nikaizima. Na tangu katikati ya Machi hajatamka jina lako.

Kuhusu vibarua umeeleza sawasawa. Sijawahi kumwona Mama akimpa mtoto wake mpunga.

Unauliza uje au usije. Nyumba ni ya mama yako, siwezi kukufungia mlango. Ila usije ukitegemea kukaribishwa. Ukija hatakwambia neno hata moja. Atakutazama tu, mbele ya mwanao. Kama unaweza kulibeba hilo, njoo.

Kaka yako,
Anselmo


Mamba, Mpimbwe
16 Juni 2024

Padri Deogratias,

Nakuandikia haya kama maungamo, ndugu yangu, ili usiweze kuyatoa nje. Najua utatikisa kichwa. Ulikuwa unasema seminari nzima hakuna aliyejua kuizungusha sheria kama mimi.

Tarehe 11 Machi Mama alianguka kwenye majaruba ya mpunga tukipalilia. Kiharusi. Mkono wa kulia umekufa, mguu umekufa, na ulimi umekufa pia. Akili iko nzima, unaiona machoni. Nilimbeba mgongoni toka shambani hadi barabarani, matope yakinifika magotini, na neno la mwisho alilolisema maishani alilisemea sikioni kwangu. Alisema, "Marsela." Mimi ndiye niliyekuwa chini yake, Deo, na alimwita Marsela.

Marsela hajui kwamba Mama anaumwa. Mwezi huu amepokea kiroba cha mpunga badala ya mchele anaotwangiwa kila mwaka, na anadhani ametengwa. Mama alikijaza kwa mkono wa kushoto, kikombe kwa kikombe, siku nzima, kisha akafunga kamba kwa meno. Alikataa usipelekwe mashineni kwa sababu hajawahi kumpa mtoto yule mchele wa mashine. Mimi naona wazi alichokuwa anasema. Alikuwa anasema, kutwanga siwezi tena, njoo. Basi likipiga honi barabarani anageuzia kichwa mlangoni.

Nami nimemwandikia Marsela ukweli mtupu, mstari kwa mstari. Nimeacha neno moja tu, kiharusi. Huwezi kuamini jinsi mengine yote yanavyojipanga upya ukiliondoa hilo moja. Hajatamka jina lake tangu Machi: kweli. Hatamwambia neno: kweli. Kinu hajakigusa: kweli. Majirani wakiniuliza kama Marsela ana habari, nawajibu nimemwandikia, na kweli nimemwandikia. Sasa wanamsema kwamba mji umemharibu, na kwa hasira hiyo hakuna anayemtafuta. Sijadanganya mtu yeyote. Maana wanaiweka wenyewe.

Miaka kumi na moja tangu nivue kanzu nije kumlimia. Mchele wa kinu sijawahi kutwangiwa mimi. Mimi niliyelima nilikula wa mashine.

Hii ni dhambi gani? Nakuuliza kama mwanafunzi.

Anselmo


Misunkumilo, Mpanda
19 Juni 2024

Kaka,

Idi imepita. Nimelia siku mbili, kisha nikaacha. Mikidadi anasema mpunga ni mpunga, nipande basi nikamwone mama yangu, na kama nikipigwa kofi nirudi nalo. Kwake kila kitu ni chepesi. Hakukulia katika nyumba ile, hajui Mama anavyosema na watu kwa vitu. Nimeisoma barua yako mpaka karatasi imelegea, natafuta mahali pa kuponea, sikupaona.

Namrudishia kiroba chake. Sijapunguza hata punje. Naomba umsomee haya ya hapa chini neno kwa neno, usipambe na usipunguze.

"Mama, umenipimia mpunga kama kibarua. Mimi sikukuvunia msimu huu kwa hiyo sistahili, nakurudishia. Kama kosa ni kuolewa na Mikidadi, ungenitamkia siku ile ile, nisingekaa miaka saba nikisubiri mwezi wa sita kama mjinga. Kauthar akiniuliza bibi yake yuko wapi nitamwambia hana. Mchele wako nilikuwa nakula huku nalia. Huu mpunga wako sijui kuula. Ni mimi, uliyenizaa."

Msomee, kisha uniandikie uso wake ulivyokuwa. Akionyesha huzuni hata kidogo, hata jicho tu, niambie, nitapanda basi siku hiyo hiyo. Nimeshafua nguo za Kauthar, ziko kwenye begi.

Mwamvita


Litapunga
24 Juni 2024

Anselmo,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Usiniulize ni dhambi gani kama vile tuko darasani. Huyo ni mama mzazi kitandani, na huyo ni dada yako. Mwandikie leo. Neno lile lile uliloliacha, liandike peke yake katikati ya karatasi, litatosha.

Na mimi nina mtihani wangu, ambao naona uliupanga. Najua maungamo hayafanywi kwa barua. Lakini umesema unaungama. Kama ulikuwa na nia ya kuungama kweli, naogopa kumwambia Marsela. Kama nia ilikuwa kunifunga mdomo, niko huru kwenda kesho. Nimeshindwa kuisoma nia yako, nami nimeishi na wewe chumba kimoja miaka miwili. Nimemwandikia padri mzee aliyetufundisha sheria za Kanisa, bila kutaja majina. Yuko kwenye matibabu, huenda akachelewa kujibu.

Nakupa wiki mbili. Mama Rozalia namkumbuka, alikuwa anatuletea viazi vya kuchemsha siku za kutembelewa. Namwombea.

Padri Deogratias


Mamba, Mpimbwe
27 Juni 2024

Marsela,

Kiroba kimefika. Nilikiweka mbele ya kitanda chake akione, kisha nikamsomea maneno yako yote, polepole, ili asikose kitu.

Ulitaka uso. Nilikuwa nimekaa kuliani kwake. Kwa upande niliouona mimi, tangu nilipoanza kusoma hadi nilipomaliza, uso haukutikisika hata kidogo. Jicho halikupepesa. Nilipofika kwenye jina lake mjukuu, vilevile. Nilipokunja karatasi akageukia ukutani. Hakujibu kitu.

Begi unaweza kulifungua.

Anselmo


Litapunga
27 Julai 2024

Dada Marsela,

Hunifahamu vizuri. Nilisoma na kaka yako, na siku moja nilikula ugali nyumbani kwenu ukiwa binti mdogo. Samahani kwa jinsi nitakavyosema, sina njia laini.

Mama yako ana kiharusi tangu tarehe 11 Machi. Hawezi kusema, si kwamba hataki. Mkono wa kulia hauinuki, ndiyo maana hakuweza kutwanga. Kiroba kile alikijaza kwa mkono wa kushoto na kukifunga kwa meno. Neno lake la mwisho lilikuwa jina lako. Basi likipita anatazama mlangoni. Yote haya kaka yako aliniandikia mwezi uliopita na kuyaita maungamo, nami nikakaa nayo.

Nilikuwa nasubiri jibu la mkubwa wangu kuhusu kama naruhusiwa kukwambia. Jana limefika. Ni mstari mmoja, kwamba barua si maungamo. Nimesubiri mwezi mzima niambiwe kitu nilichokuwa nakijua. Nenda leo, dada yangu. Usinisubiri wala usinijibu, nenda.

Padri Deogratias


Mamba, Mpimbwe
28 Julai 2024

Marsela,

Mama amefariki leo asubuhi. Tunazika kesho saa nane mchana. Nampa Kelvin barua hii, ila basi leo limeshaondoka.

Anselmo


Misunkumilo, Mpanda
6 Agosti 2024

Padri,

Barua yako na ya kaka zilinifikia siku moja, Mama akiwa ameshazikwa. Nilianza na yake kwa sababu mwandiko naujua. Nikakaa chini. Kisha nikafungua ya kwako nikajua kwamba huyo aliyekufa alikuwa ananiita tangu Machi.

Nilifika Mamba kaburi likiwa na siku mbili. Wanawake waliokaa msibani hawakunisogezea mkeka. Nyanzala, jirani yetu aliyeninyonyesha Mama alipokuwa mgonjwa, alinitazama miguu mpaka kichwa akasema, umekuja kugawana nguo? Nikamwambia sikujua. Akasema kaka yako alikuandikia. Nikasema ndiyo, aliniandikia. Nikajisikia mwenyewe ninavyotoa jibu lake yeye.

Wifi Lucia alinishika mkono akaniingiza chumbani kwa Mama. Alinieleza akiwa ameinama, hakuweza kunitazama. Naye alidhani nimeambiwa, akadhani nimekataa kuja, lakini kwa aliyoyaona alitaka niyajue hata kama mimi ni mbaya.

Kaka aliposoma ile barua yangu, Mama aligeukia ukutani kweli. Alikaa hivyo mpaka jioni. Kesho yake akamwashiria Lucia amsogezee kiroba na kikombe cha bati. Akaanza kumenya mpunga. Punje moja moja, Padri, kwa kucha za mkono wa kushoto, maganda anayapuliza kwa ule upande wa mdomo uliobaki. Lucia akadhani akili imeruka, akataka kumnyang'anya. Mama akatoa sauti ambayo Lucia anasema hataki kuisikia tena, akaachwa. Akamenya mwezi mzima. Kucha zikakatika, vidole vikatoka damu, Lucia akavifunga kitambaa, Mama akakivua kwa meno na kuendelea. Siku alipokufa kikombe kilikuwa hakijafika nusu.

Nyie wasomi mlikuwa mnabishana barua ni nini. Mimi nilisoma kiroba nikakosea. Kaka alikisoma akapatia, akaikalia maana yake. Mama peke yake, aliyesomewa matusi yangu na mtu anayemchukia mtoto wake, aliyasikia akaelewa kwamba huyu mtoto analilia mchele.

Ulikuwa Litapunga, Padri. Kutoka kwako hadi dukani kwa mume wangu ni mwendo wa asubuhi moja tu. Sina zaidi ya kukwambia.

Kikombe nimekichukua na kiroba nimekichukua. Usiniandikie tena.

Marsela


Mamba, Mpimbwe
20 Agosti 2024

Marsela,

Uliondoka bila kuniaga, na sasa nasikia unawaambia watu kwamba nilikudanganya. Hata Nyanzala ameacha kuniletea hati zake nimsomee.

Chukua barua zangu. Zipange mezani, mwite mumeo, mwite na shehe wenu, mnionyeshe mstari mmoja wa uongo. Nani aliandika neno kibarua? Wewe, tarehe nane Juni, kabla sijashika kalamu. Mimi nilikubali tu kwamba vibarua wanapewa mpunga, jambo ambalo hata kuku wa hapa wanalijua. Mumeo alikwambia panda basi. Muuza masufuria aliiona njia, wewe hukuiona, kwa sababu hukutaka kuiona. Ulikuwa na hatia yako ya miaka saba na ulitaka mtu aje akuhukumu upumzike. Uliitafuta hukumu ndani ya kiroba cha mpunga, ukaipata. Mimi nilikushikia taa.

Na maneno yaliyomgeuzia Mama ukutani hayakuwa yangu. Mimi nilikuwa sauti tu. Ulisema nisipambe na nisipunguze, nikatii.

Lucia hasemi na mimi. Anapika, anaweka, anaondoka. Nakwambia hivyo ili ujue kwamba na mimi nimebaki hapa na vitanda viwili na kinu. Sikuombi msamaha kwa sababu sijaona kosa lenye jina. Lakini nijibu. Tukane ukitaka.

Anselmo


Mamba, Mpimbwe
2 Novemba 2024

Padri Deogratias,

Najua umenyamaza kwa sababu. Nisaidie hili tu.

Jana Kelvin amenikabidhi kiroba. Kile kile, na doa lake la matope pembeni. Ndani kuna mchele wa kinu, unanukia moshi. Fundo limefungwa vizuri, kwa mikono miwili. Hakuna barua. Nilikung'uta kiroba chote, nikageuza ndani nje, hakuna hata kipande cha karatasi.

Maisha yangu yote hakuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kunitwangia mchele. Nilipoutia mkono nililia, nakwambia wewe kwa sababu Lucia alikuwa nje. Nikasema amenisamehe. Kisha nikakumbuka ninayemsema ni nani na nimemfanyia nini, nikautoa mkono nikaunawa. Niliwarushia kuku konzi moja. Wamekula, na wanatembea. Kwa hiyo si sumu, au si sumu ya kuku. Lucia amekataa kuupika. Anasema hana haja ya kujua.

Leo kanisani tukiwaombea marehemu wote ndipo likanijia. Kile kikombe cha Mama alikichukua. Je, amezichanganya humu punje zile? Kama zimo, nikila ninakula vidole vya Mama. Nisipokula nimeukataa mchele wake, wa pekee niliowahi kuletewa. Nimeumwaga juu ya mkeka nikaanza kuuchambua. Punje iliyomenywa kwa kucha inabaki nzima na ya kinu inakatika, hivyo nikaweka nzima huku na zilizokatika kule. Lakini kinu nacho kinaacha punje nyingi nzima. Nimechambua tangu nimetoka misa na sina jibu.

Wewe unajua watu kuliko mimi. Alimaanisha nini?

Anselmo


Mamba, Mpimbwe
1 Desemba 2024

Mwamvita,

Hii ni barua yangu ya tatu tangu nipokee kiroba. Deogratias amenirudishia yangu bila kuifungua. Nimekupigia simu, ndiyo, mimi. Mikidadi alipokea akasema hupo, na nyuma yake nikamsikia mtoto anakuita.

Wadudu wameanza kuingia kwenye mchele. Kila siku nauanika, nauchambua, naurudisha. Watu wanaopita njiani wanasimama kunitazama kisha wanaendelea. Lucia amehamia kwa mama yake tangu Jumatatu. Hakugombana na mimi, alichukua tu kinu akasema umemwomba zamani.

Mdogo wangu, nakuomba neno moja. Sema msamaha. Sema laana. Sema ulikosea anwani. Lolote utakalosema nitalipokea na sitabishana nalo, naapa kwa kaburi la Mama. Neno naweza kuishi nalo. Hiki kitu kimenyamaza mbele yangu kila siku na siwezi tena. Nionee huruma.

Kaka yako,
Anselmo


Misunkumilo, Mpanda
9 Desemba 2024

Kaka,

Sisi hatujambo. Kauthar ameanza kuandika jina lake, herufi ya mwisho inamshinda.

Umeuliza, nami nitakueleza nilichofanya, na kila neno ni kweli. Mpunga niliutwanga mwenyewe. Lucia alinipokea mwezi wa tisa kwa mama yake, kabla hajahamia huko, nikatwangia pale pale, kwenye kinu cha kuazima, na sikukubali mtu anisaidie. Kiroba nilikijaza kwa mkono wangu. Kikombe cha Mama sasa ni kitupu. Nilipokuwa nafunga fundo nilitaja jina lako.

Maana utaiweka wewe. Endelea kuchambua, kaka. Una mikono miwili.

Marsela, binti Rozalia